Ukuta wa Mama Desderi

Ipo siku moja ninayoikumbuka hata nisipotaka, mwanangu. Umeniambia nyumba yako ya Chanji imefika hatua ya rangi, ukaniomba nikutajie fundi, kwa kuwa mimi mwenyewe nilishika brashi zaidi ya miaka thelathini. Majina ninayo. Lakini kaa kwanza nikueleze jambo ambalo hata mama yako hajapata kulisikia lote, kwa sababu nalionea haya.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Kazi nilijifunza kwa Mzee Gaudensi, fundi rangi aliyeheshimika Sumbawanga nzima, mtu wa maneno machache na msasa mwingi. Nilikaa naye mwaka mmoja na nusu tu, nikajiona nimeiva. Mtoto akililia wembe mpe, walisema wahenga. Mzee akaniacha niende zangu, akanipa na brashi mbili.

Kazi yangu ya kwanza ya peke yangu ilitoka kwa Mama Desderi, mjane wa kijiji kimoja, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka mjini. Mwanawe wa pekee, Desderi, alikuwa anapewa upadri. Baada ya majuma mawili angesoma misa ya shukrani kigangoni kwao, kisha mapadre wenzake, kwaya na ndugu wote wangekula nyumbani kwa mama. Mama yule alimsomesha kwa jembe, kwa mahindi na ulezi, tangu mumewe afariki. Alitaka kitu kimoja tu: siku hiyo nyumba yake isimwaibishe mwanawe.

"Nyumba uliyomaliza jana sitaki kuiona," aliniambia. "Nionyeshe uliyoipaka ikanyeshewa masika mawili."

Sikuwa nayo. Nilichopaswa kusema ni hicho tu: mama, bado sina. Badala yake nikampeleka kwenye nyumba ya mwalimu mmoja, ambayo Mzee Gaudensi aliipaka kabla hata sijamfahamu, nikasema ni mkono wangu. Mama akazunguka moja kwa moja upande unaopigwa na mvua, akapitisha kiganja ukutani, akakitazama. Kilikuwa safi. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Basi baba, nakukabidhi nyumba." Nikiikumbuka mikono ile, hata leo natamani ardhi inimeze.

Sasa, unazijua nyumba zetu za zamani. Noeli ikikaribia, akina mama walikuwa wanapaka kuta udongo mweupe, mwaka juu ya mwaka. Kuta za Mama Desderi zilikuwa na udongo wa Noeli ishirini, pengine zaidi. Fundi wa kweli anaukwangua wote mpaka tofali lionekane, anaosha, anaacha ukauke, ndipo anafungua ndoo ya rangi. Ni kazi ya kuvunja mabega, na vumbi lake unalikohoa wiki nzima. Mimi nilikwangua ukuta mmoja, ule wa mlangoni, ambako mama alikaa akinitazama. Kuta nyingine tatu nilipaka rangi juu ya udongo. Zikang'aa kweli. Mama akaniletea togwa, akaniita fundi, nami nikanywa bila aibu.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ya misa, wageni walipofika nyumbani kikaanza kunyesha kimvua chepesi, wakajibanza chini ya paa, migongo ukutani. Walipoitwa kula, rangi ikaondoka nao. Ilibanduka vipande vipande, ikashika suti ya mjomba wa padre, ikashika mabega ya kwaya iliyokuwa imeshona sare mpya. Watu wakacheka. Padre naye akacheka kidogo ili mambo yapite. Mama hakucheka. Alichukua kanga yake akaanza kuwapangusa wageni migongo, mmoja mmoja, akiwaomba radhi. Siku aliyoingoja miaka yote ile, aliitumia kufuta uchafu wangu.

Mzee Gaudensi alikuwa miongoni mwa wageni. Mama alimwendea, nami nimesimama hatua tatu kutoka pale.

"Mzee, huyu si kijana wako? Mbona nyumba ya mwalimu aliipaka vizuri, yangu akaja kuniharibia?"

Mzee akanitazama. Nikainamisha kichwa. Sentensi moja tu ilitosha kunimaliza, na alikuwa na haki nayo. Akavua kofia.

"Nisamehe, mama. Kosa ni langu, nilimwachia mapema."

Habari za nyumba ya mwalimu hakuzigusa. Nami nilinyamaza.

Kesho yake asubuhi alikuja na vikwangulio viwili. Tulikwangua siku nne, yeye na kifua chake kibovu, asinigombeze hata mara moja. Nilingoja anikaripie ndipo nikiri. Mwoga hata kukiri anataka aanzishiwe. Siku ya mwisho, akiosha brashi, aliniambia, "Ukuta tumeumaliza. Bado neno lako kwa mama." Nikaitikia ndiyo, nikapanda baiskeli yangu nikaondoka.

Maneno yakaenea kwamba Mzee Gaudensi amezeeka, siku hizi anatoa vijana wabichi. Wapo waliompita wakatafuta fundi mwingine. Niliyasikia hayo sokoni, nikanyamaza tena, miaka mitatu, mpaka mzee akafariki. Siku ya pili baada ya mazishi ndipo nilipopata miguu ya kwenda kwa Mama Desderi. Nilimkuta anapepeta ulezi, nikamweleza yote. Hakuacha kupepeta mpaka ungo ulipokuwa safi.

"Mbona unaniambia mimi?" akasema. "Wa kuombwa radhi tumemzika juzi."

Basi mwanangu, nisikilize. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Majina mawili nitakupa, lakini usiniamini hata mimi: nenda kwenye nyumba waliyoipaka ikapita masika, ushike ukuta, kisha ubishe hodi umuulize mwenye nyumba ni nani aliyepaka. Mama Desderi alishika ukuta, hodi hakubisha, kwa kuwa aliniamini. Tazama pia fundi anaanza na nini. Akifungua ndoo kabla hajashika msasa, mwambie asante, aende zake. Na ukimpata anayekwambia "kazi hii sijawahi kuifanya", usimkimbie, mpe kiti mzungumze. Mimi ningeweza kuwa kijana wa namna hiyo.

Na wewe mwenyewe, siku utakayokosea, nawe utakosea, kamwambie uliyemkosea angali na masikio ya kukusikia. Mungu akujalie fundi mkweli na nyumba ya kupokelea wageni kwa furaha, na akupe ujasiri, mwanangu, wa kusema "ni mimi" mtu mwingine anapovua kofia kwa ajili yako.