Ushuhuda Wangu wa Omega Ukumbini Mikumi

Hapana, Rehema, usiniambie eti ningeshuka tu jukwaani, ningeshukaje wakati yule mama muuza vidonge vya omega amenishika mkono na ukumbi mzima wa gesti pale Mikumi unanipigia makofi ya kilo? Aibu ile sijaipata tena, hata nilipoanguka paredi shuleni ilikuwa afadhali.

Nyote hapa mnajua damu yangu haigandi vizuri, chembe za kugandisha ni chache, nikipiga mswaki kwa nguvu tu fizi zinavuja, na daktari wa Kilosa alinionya nisimeze kitu bila kumuuliza. Sasa omega si dawa, nikajiambia, ni mafuta ya samaki, na samaki tunakula kila siku (si kila siku, lakini mnanielewa). Soko huria ndio limeingia, kila basi la Dar linashusha mtu na begi la vidonge vya kuponya kila kitu, na mimi wa kidato cha nne niachwe nyuma? Chupa imeandikwa kimoja kwa siku, nikawa nameza vitatu vitatu, maana nina haraka ya kupona.

Jumamosi yule mama akafanya semina, akaniita nitoe ushuhuda. Ndio kwanza nasema, "Bwana asifiwe, tangu nianze omega..." pua ikafunguka kama bomba, damu ikatapakaa blauzi yangu nyeupe, maikrofoni, mpaka viatu vya yule mama. Nikataka kuibana, akanidaka mkono.

"Usizibe, mwanangu! Jamani mnaona wenyewe? Sumu inatoka!"

"Itoke!" watu wakaitikia, vigelegele juu. Dereva mmoja wa lori akauliza, "Na mimi itanitoka hivyo hivyo?" Akahakikishiwa. Kadiri ninavyovuja ndivyo wanavyonunua, kizunguzungu kimeanza, na bado natabasamu (adabu hiyo!).

Shangazi yangu, niliyekuja naye semina, ndiye aliyepanda jukwaani. "Hebu mwachie mtoto wa kaka yangu, sumu gani nyekundu hivyo?" Akaniinamisha mbele, akanibana pua, akanikokota barabarani tukapata lifti ya pikapu mpaka hospitali ya pale pale Mikumi.

Daktari wa zamu akanijaza pamba puani, akaitazama ile chupa. "Siwezi kuapa kwamba ni haya mafuta. Lakini yanaweza kuichelewesha damu kuganda, na wewe huna chembe za kuchezea. Ulimuuliza nani?"

Akasema nalala pale pale.

Sasa kilichoniuma kuliko pua: shangazi, amekaa pembeni ya kitanda, akaniambia Mama Neema jirani yake naye alinunua chupa, kwa sababu Neema wake wa darasa la pili anatokwa damu puani kila jua likiwaka, na kesho anamwanzishia na uji. Kwa ushuhuda wangu!

Nikaamua: kukipambazuka tu, daktari akiniruhusu, na pamba zangu puani na blauzi ile ile yenye damu, naenda kugonga kwa Mama Neema kabla uji haujachemka, na shikamoo nitamwamkia nikishaishika ile chupa mkononi.