Njia Aliyoichonga Ishbel

Waendesha baiskeli wa Jumamosi siwapendi, na sioni haya kusema. Waliyomfanyia Ishbel Laidlaw nimeyaona kwa macho yangu.

Ishbel alipeleka barua hapa bonde la mto Tweed miaka thelathini. Alipostaafu akanunua sururu, akaanza kuchonga njia ya baiskeli za mlimani katika msitu wa Bwana Hepburn. Wasaidizi tulikuwa wawili, mimi na Struan. Malipo hakuna. Kila Jumapili tulizibua mitaro, tukarudishia udongo kwenye kona, tukawasengenya waliouchimbua kwa breki. Miaka kumi na moja hiyo.

Hepburn alitupa sharti moja tu: tope lisiingie kijitoni, maana samaki wa samoni hutaga mayai pale. Likiingia, njia inafutwa. Ndiyo maana mvua ikizidi Ishbel aliifunga kwa matawi mpaka udongo ukauke.

Novemba ilinyesha siku nne mfululizo. Jumamosi tulikuwa tunapanga matawi wakaja wanaume tisa kutoka Edinburgh, mbele yao Corin, aliyekuwa akija karibu kila Jumamosi, mwenye baiskeli mpya na mdomo wa siku zote.

"Imefungwa," Ishbel akawaambia. "Njooni ikikauka."

"Mama, tumeendesha gari saa nzima," Corin akasema.

"Basi barabara ya kurudi mnaijua."

"Kwani msitu wa baba yako huu?"

"Ungekuwa wa baba yangu ungekuta mbwa hapa, si mimi."

Wenzake wakamcheka. Labda ndicho kilichomuuma. Akabeba baiskeli yake juu ya matawi, na wale wanane wakamfuata. Kila walipofika penye dimbwi walipita pembeni, eti wasichafuke, wakavunja kingo za mitaro. Maji yakakosa pa kutokea, yakateremka na njia yetu hadi chini.

Kesho yake tulimkuta Hepburn kijitoni. Maji yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

"Nilikuambia, Ishbel."

"Uliniambia."

"Naleta mashine ya kuchimba."

"Usilete, itakata mizizi. Tutaifuta wenyewe."

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia, kwa hasira. Wiki tatu tulilegeza udongo tuliokuwa tumeushindilia kwa miguu yetu, tukalaza magogo juu yake. Tulipofikia kona ya mwisho, Corin akatokea anasukuma baiskeli.

"Nyie wazee mna roho mbaya," akasema. "Mnabomoa kitu cha watu wote?"

Struan alitaka kumvaa, nikamshika koti. Ishbel akaegemea reki yake.

"Cha watu wote, sawa. Sasa niambie, kona hii imejengwa upya mara ngapi?"

Corin akaitazama kona, akatutazama sisi.

"Mara saba," Ishbel akasema, akainama, akaendelea kuibomoa.