Anayezibishia Folda Hodi

Fundi wa programu katika ofisi ya Winifred, mtaani Sonatubes, hafuti folda kabla ya kugonga meza kwa kidole na kunong'ona, "Hodi?" Hata katika programu aliyoandika, kila folda ni kitu chenye amri yake iitwayo hodi, inayochungulia hadi folda za ndani kabisa, ambazo yeye huziita wajukuu. Winifred hukereka. Juzi seva ilipojaa alifoka, "Futa hiyo folda yangu bwana, iko tupu!" Fundi akagonga, akabonyeza, akainamisha kichwa kama aliyekuta watu mezani.

"Samahani dada, kuna mjukuu."

Ndani ya mjukuu huyo mlikuwa na video ya harusi ya Winifred, nakala pekee. Winifred akaketi polepole.

"Mume wangu asijue."

"Yumo humu humu, dada. Anacheza."