Hodi ya Tatu

Ilham wa Mkunazini ana kichwa kigumu, wala hajuti kuwa nacho. Aliacha kazi ya mapokezi hotelini Kendwa, akarudi mjini kwa bibi yake kutengeneza mchezo wa simu: msichana anatafuta ufunguo uliopotea, anapita vichochoro vya Mji Mkongwe nyumba hadi nyumba. Alijipa muda hadi Ramadhani. Watu wakiupenda, ndiyo kazi yake. Wasipoupenda, anarudi Kendwa kupokea mabegi ya wageni.

Marafiki waliujaribu, wakausifu, wakaufuta siku ya pili. Ilham akaongeza kasi, akaongeza paka, akaongeza mvua. Wapi! Wakaufuta tena.

Alasiri moja akampa simu bibi yake, Bi Mwanakheir, mwanamke asiyesifu kitu hata pilau aliyoipika mwenyewe. Bibi alivaa miwani, akagusa mlango wa kwanza. Msichana wa kwenye simu akaingia moja kwa moja hadi ukumbini. Bibi akaiweka simu mkekani.

"Mtoto wa nani huyu? Kaingia nyumba ya watu bila ya hodi!"

"Mchezo tu, Bibi."

"Mchezo wa wezi. Mie sichezi."

Ilham alinuna hadi Magharibi. Kisha akaona haya, haya ya kweli. Amelelewa kwenye mlango huohuo, amerudishwa nje mara ngapi akapige hodi, na bado alisahau!

Kesho yake alianza kuubadilisha. Sasa mchezaji hupiga hodi, husubiri, hupiga tena. Wenye nyumba wengine huitika upesi, wengine huringa. Hodi ya tatu isipoitikiwa, mtu huenda zake. Anayesukuma mlango huzomewa na mtaa mzima, akaanza upya.

Kule kusubiri ndiko kulikowanasa watu. Mtu anaikodolea macho simu, roho juu, ataitikiwa au hataitikiwa? Safari hii hakuna aliyeufuta. Kabla ya Shaabani kwisha ulikuwa unachezwa hadi Mangapwani, na Ilham akampigia meneja wake wa zamani kumwambia kile kiti cha mapokezi ampe mwingine.

Watoto wa mtaani nao, waliozoea kujitoma hadi jikoni kwa Bi Mwanakheir kutaka visheti, wakaanza kusimama nje. Hodi tatu, kisha huondoka. Bibi, kwa magoti yake yanayomuuma, kila akifika mlangoni anakuta kichochoro kitupu.

Siku ya nne alipaza sauti tangu jikoni: "Karibuni! Nnakuja! Msende!" Wapi, walikwisha kwenda. Akabaki ameshika sahani ya visheti, na Ilham akaona kwamba bibi yake ameumia.

"Ilham!"

"Naam, Bibi."

"Mchezo wako mzuri." Ndiyo sifa ya kwanza Ilham kuisikia kinywani mwake. "Lakini nnakutaka na mimi unitie humo. Kizee mwenye magoti mabovu. Wajifunze kunisubiri."