Geti la Jacinta na Jembe la Siku ya Tatu

Ukitaka geti Kitengela, Nzioka atakuuliza upana, urefu na rangi. Maneno hakuulizi. Atakuja kwako, anywe chai, atazame unavyoishi, kisha arudi kwenye kibanda chake cha kuchomelea vyuma na kuchagua methali mwenyewe. Za Kikamba alizaliwa nazo, za Kikuyu ameziokota sokoni, na wafugaji wa Kimaasai wanaopita na mbuzi wamemwachia kadhaa. Lakini getini huandika Kiswahili, ili kila mpita njia apate chake. Na kwa miaka kumi na tisa hajawahi kung'oa hata herufi moja.

Kwa Jacinta na mumewe Kiama alikuta watu wa kazi: mume juu ya ngazi akipaka rangi, mke, na tumbo la miezi minane, akisafisha kuku. Alipendezwa. Akakunja nondo zake na kuandika: MGENI SIKU MBILI, YA TATU MPE JEMBE. Jacinta alicheka mpaka akashika ukuta.

Mwezi wa Aprili, mvua ikiwa imeanza, simu ililia kibandani. Alikuwa Jacinta.

"Fundi, kuja na grinda ukate haya maneno. Mama mkwe amekataa kuingia."

Waithera, mama yake Kiama, alikuwa ametoka Loitokitok alfajiri kumwona mjukuu wa siku sita: msichana wa kwanza, aliyepewa jina lake kama desturi ya Wakikuyu inavyotaka. Nzioka alimkuta nje, amekalia gunia la vitunguu, mgongo kwa geti. Kiama alikuwa kazini. Jacinta amesimama ndani na mtoto, macho mekundu.

"Mama Kiama, habari ya safari?"

"Ilikuwa nzuri mpaka nikasoma." Hakugeuka. "Ni wewe umenihesabia siku?"

"Si wewe, mama. Wewe si mgeni hapa."

"Mgeni ni mwenye kubisha. Nimebisha."

Mtoto akalia. Bega la Waithera likashtuka, kisha akajikaza. Nzioka aliona jinsi mambo yatakavyokwenda: mama akirudi Loitokitok bila kumshika mtoto anayeitwa kwa jina lake, hilo litasimuliwa miaka, na mtoto atakua akilisikia. Akaiinua grinda. Mkono ulimwia mzito.

"Weka chini," Waithera akasema. "Njia nzima imesoma. Ukikata, watasema ilikatwa kwa sababu yangu." Sasa akageuka, akamkagua toka kofia hadi viatu. "Wewe kwenu ni wapi?"

"Machakos, mama."

"Na hapa uko na miaka mingapi?"

"Kumi na tisa."

"Kumi na tisa! Siku ya tatu ilikupita kitambo. Jacinta! Hapa kuna jembe?"

Jacinta alilileta mbio, mtoto mkono mmoja.

Kando ya geti palikuwa na kipande cha ardhi kisichofanya kazi. Nzioka alilima. Udongo mweusi wa Kitengela ukinyeshewa hushika jembe kama ugali unavyoshika mwiko, na kila hatua viatu vyake viliongezeka uzito. Waithera alifungua gunia, akatoa chini ya vitunguu miche ya sukuma wiki iliyofungwa kwa kitambaa chenye maji.

"Fundi, hilo ni shimo la mche ama unazika ng'ombe?"

Mzee mmoja wa Kimaasai, akipita na mbuzi wake, alisimama akamsalimu Nzioka kwa Kimaasai. "Sopa! Umefanya nini?"

"Epa. Nimepewa jembe."

Mzee alisoma geti polepole, akamtazama Nzioka, akacheka kwa kifua kizima. "Wenyeji ni sisi, ilikuwa kazi yetu kukupa. Tuliona haya."

Waithera naye alicheka, bila kutaka, na kicheko kilipomtoka hakikurudi. Aliinama, akapanda mche wa kwanza kwa mikono yake, kisha wa pili. Mstari ulipozunguka nguzo ya geti lililoachwa wazi, alijikuta tayari upande wa ndani. Akaomba maji. Alinawa hadi kwenye viwiko, akajifuta kwa leso, akanyoosha mikono.

"Nipe jina langu," akamwambia Jacinta.

Alikaa wiki saba. Sukuma ilipokomaa, Nzioka aliipata bure kila Jumamosi, na kila mara alipogonga geti, sauti ya Waithera ilimuuliza kutoka ndani: "Fundi, leo ni siku ya ngapi?"