Kuku Mmoja kwa Fromaje Nzima

Kuku alikuwa wa mama mkwe, hilo nalijua. Lakini mchuuzi mmoja alikuwa ametoka Goma, anaelekea Lusangi kwenye machimbo ya dhahabu, pikipiki ikamharibikia mbele ya mlango wetu hapa Kasongo. Ndani ya mfuko wake mlikuwa na fromaje, yaani jibini, nzima, ya mviringo, ya manjano. Nilikuwa nimesikia kwamba ukiipasha moto inatembea. Kitu kinachotembea bila miguu, mimi lazima nikione.

"Kuku wawili," akasema.

"Wawili? Kwani hii inataga?"

Akapokea mmoja.

Mama mkwe alikuwa ameenda sala ya Ijumaa. Kwa kawaida akirudi huhesabu kuku wake kabla hajavua mtandio. Nyumba yetu ina watu wawili wanaohesabu mara mbili, yeye na mimi. Ilinibidi nipike haraka, chakula cha kumfanya akae kwanza.

Kulikuwa na samaki wa Nyangwe, vipande saba. Nikahesabu tena, saba. Nikavitia ndimu, nikavipanga kwenye sufuria na vitunguu na tomate. Sasa fromaje. Kwetu, kitu chenye chumvi, kinachonuka na kilichotoka mbali, kinachemshwa kwanza, kama makayabo, wale samaki wa chumvi. Nikakata nusu, nikaitumbukiza kwenye maji ya moto.

Ilitembea kweli. Ilishika mwiko, nikavuta, nayo ikavuta. Ilipopoa ikawa kama mpira wa ndani wa tairi, nikaiweka kwenye sahani pembeni.

Nusu ya pili sikuionyesha maji. Niliikwangua kwenye kibati kilichotobolewa kwa misumari, nikaimwaga juu ya samaki, nikafunika. Makaa kidogo chini, mengi juu ya kifuniko, kama tunavyooka keki ya Idi. Nilichungulia mara tatu. Ya kwanza ilikuwa inatoka jasho. Ya pili, povu. Ya tatu ilikuwa na ngozi ya rangi ambayo watu wanaifuata Lusangi kwa sururu.

Mama mkwe akaingia. Pua ikamleta jikoni, akaketi, akala vipande vinne.

"Hii ni nini, mukamwana?"

"Fromaje, mama."

"Na kuku yangu mweupe iko wapi?"

Nikamweleza.

"Yule mutu alitaka ngapi?"

"Wawili."

"Ukamupa?"

"Moja."

Akakwangua ukingo wa sufuria taratibu. "Basi haukuibiwa."

Nikapumua. Nilipumua mapema mno, maana jicho lake lilikuwa limeshafika kwenye sahani ya pembeni.

"Na ile?"

"Nusu ingine. Niliichemsha."

"Kuku yangu ilinunua yote. Ya kuoka nimekula mimi. Ya kuchemsha ni yako. Uikule."

Niliitafuna mpaka adhana ya alasiri. Alikaa mbele yangu akihesabu matonge, na kila nililolitema nikalirudia, alilihesabu mara mbili.