Jirani wa Sebuleni

Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye mtambo wa kusafishia maji, upande wa dawa, na jina la Klorini lilimganda tangu mwaka wa pili, siku alipohudhuria harusi ya mwenzake na bibi harusi akapiga chafya mara tatu alipompa mkono. Alipostaafu aliondoka nalo, pamoja na koti la mvua na kikohozi kisichoisha. Binti yake, mtoto wake pekee, alipokuwa mdogo aliwahi kuliandika shuleni penye nafasi ya jina la mzazi, na mwalimu akaita kikao.

Ukifungua mlango wa sebule yake, wa kwanza kukutazama alikuwa samaki. Tangi la kioo lilikuwa refu kuliko kochi, na ndani yake alikaa samaki mmoja tu, mweusi, mwenye madoa ya rangi ya chungwa kama bati lililoshika kutu, mnene, urefu wake karibu mkono mzima kutoka kwenye kiwiko. Klorini alimnunua miaka kumi na moja nyuma akiwa na ukubwa wa kifuniko cha soda. Muuzaji alimwonya kwamba huyu hukua upesi, naye akadhani ni maneno ya biashara. Mwaka haukuisha tangi la kwanza likawa dogo, la pili nalo likawa dogo, mpaka akaitwa fundi vioo kuja kupima ukuta.

Mkewe ndiye aliyempa jina. Alisema samaki yule ana tabia za jirani: ukipika anachungulia, mkigombana anasogea karibu asikie vizuri, mgeni akiingia anataka kujua amebeba nini. Basi akaitwa Jirani. Mama huyo alipofariki, Klorini alizoea kunywa chai ya asubuhi akiwa ameelekeza kiti kwenye tangi. Hakuwa akizungumza na samaki, hilo alilikana kabisa. Alikuwa anafikiri kwa sauti, na Jirani yupo.

Utunzaji wake ulikuwa wa mtu aliyekula mshahara wa maji maisha yake yote. Maji ya bomba hayakuingia kwenye tangi moja kwa moja. Yalilala siku mbili kwenye mapipa nyuma ya nyumba, hadi ikatoka ile dawa ambayo yeye mwenyewe alikuwa akiwatilia watu wa mji mzima. Kila Jumamosi alivuta kwa mpira robo ya maji machafu pamoja na uchafu wa chini, akarudisha mengine taratibu. Sponji la pampu aliliosha kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, kamwe si bombani, kwa sababu ule utelezi wake ndio unaosafisha maji. Kila baada ya usafi Jirani alinuna. Alilala ubavu chini kama aliyekufa, jicho moja juu, akagoma hivyo hadi jioni. Mara ya kwanza mkewe alilia. Baadaye walikuwa wanamcheka.

Chakula kilikuwa mara moja kwa siku, asubuhi: kamba wadogo na maganda yao, vipande vya samaki mweupe asiye na mafuta, minyoo ya ardhini aliyoichimba mwenyewe uani, kando ya ukuta penye unyevu. Jumatano njegere zilizomenywa, kwa ajili ya tumbo. Ijumaa hakula kitu. Mkate ulikuwa marufuku, na biskuti, na nyama ya ng'ombe. Mgeni aliyetaka kumrushia chochote alishikwa mkono kwa upole.

Kisha Klorini akaumwa ngiri, na daktari akasema hakuna kungoja tena. Angelazwa wiki nzima, kisha angekaa wiki tatu kwa binti yake, kwa kuwa hakuruhusiwa kuinua hata ndoo. Binti alikuwa karani katika ofisi moja mjini, mwanamke mchapakazi, na nyumba ya baba ilikuwa njiani akienda kazini. Alisema angepita kila asubuhi. Klorini akakaa mezani akamwandikia karatasi nzima, mbele na nyuma, kwa ule mwandiko wake wa kuegemea kushoto: siku gani chakula gani, pampu inavyolia ikiwa salama, kifuniko kiwekewe mawe manne kwa sababu Jirani huruka. Binti alisoma yote, akauliza maswali mawili ya maana, na baba mtu akaingia hospitali akiwa na moyo mweupe.

Siku ya tano baada ya upasuaji binti alikuja wodini macho yamevimba. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akaanza kueleza. Umeme ulikatika tangu jioni, pampu ikazima, na alipofika asubuhi alimkuta Jirani anaelea. Alikuwa amemzika uani, karibu na ukuta. Alilia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageukia dirishani.

Klorini alipoona mtoto wake anavyotetemeka alisahau msiba wake mwenyewe. Alimvutia kifuani, upande usio na mshono, akamwambia kosa ni lake yeye, angenunua pampu ya betri zamani, kila siku alisema kesho. "Usijilaumu, mama," alimwambia. "Wewe umenitunzia kadiri ulivyoweza." Kwa kulia pamoja naye mshono ulimuuma siku mbili.

Wazo moja lilimpitia, kwamba samaki wa aina ile huvumilia, hupanda juu kuvuta hewa, hafi kwa usiku mmoja. Alilifukuza. Aliona ni ubishi wa mtu asiyetaka kukubali msiba.

Aliporudi nyumbani kwake, binti alimwonyesha mahali, akiwa ameweka jiwe bapa juu yake. Klorini alisimama pale kidogo, akashukuru. Tangi aliliacha na maji yake, pampu ikinguruma bila kazi, kwa sababu kila alipotaka kulizima mkono ulikuwa mzito. Chai alianza kunywea jikoni.

Kwenye soko la samaki hakukanyaga kwa karibu miezi miwili. Muuza kamba alikuwa mama mmoja mwenye aproni ya plastiki na sauti ya kipaza, aliyemjua Jirani kwa tumbo lake ingawa hakuwahi kumwona. Siku Klorini alipopita pale kutafuta samaki wa mchuzi wake mwenyewe, mama yule alimkaribisha kwa furaha, akamuuliza afya, kisha akasema anaona siku hizi amekuwa mkubwa, anatuma dereva.

Klorini alimuuliza dereva gani.

"Yule wa gari jeupe. Kila Jumanne yuko hapa. Anataka kamba vilevile unavyotaka wewe, na wale weupe wasio na mafuta. Mara ya kwanza alikuja na karatasi yako, akaisahau hapa. Nimekuwekea."

Alifungua droo ya meza, akatoa karatasi iliyoshika harufu ya samaki. Mbele na nyuma. Mwandiko wa kuegemea kushoto.

Klorini aliikunja akaitia mfuko wa shati. Alisema asante. Samaki wa mchuzi hakununua. Alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alichukua jembe la mkono, akasogeza lile jiwe bapa, akachimba. Alichimba mpaka kina cha goti, akapanua kushoto na kulia, taratibu kwa sababu ya mshono. Hapakuwa na mfupa wala gamba. Palikuwa na minyoo mingi minene, mizuri, ambayo zamani angeikusanya kwenye kopo.

Kesho yake alivaa shati la kikao na kwenda ofisini kwa binti yake. Hakuwahi kufika pale. Chumba cha mapokezi kilikuwa na viti vya ngozi, saa kubwa ya ukutani, na tangi jipya lenye taa ya bluu. Jirani alikuwa ndani yake. Maji yalikuwa na ukungu, na juu ya kichwa chake, katikati ya macho, palikuwa na vishimo vidogo kama vya ndui, dalili ya maji mabaya na chakula kibaya. Chembe za biskuti zilielea pembeni. Klorini aliweka kidole kwenye kioo. Samaki alikuwa ameegemea kona. Aligeuka, akaja moja kwa moja, akasimama mbele ya kidole, mapezi yakicheza.

Klorini akakaa kwenye kiti cha karibu.

Meneja alitoka ofisini kwake akisindikiza mgeni, akaambiwa na kijana wa mapokezi kwamba huyu ni baba yake karani wetu. Alifurahi kweli, mtu mstaarabu, akamshika mkono kwa mikono yote miwili. Alisema alikuwa anatafuta nafasi ya kumshukuru. Samaki wake wadogo walikuwa wakifa kila mara, na binti alipomweleza kwamba baba yake amechoka, hana nguvu tena za kubeba ndoo, na ameagiza samaki wake aletwe kwa bosi kama zawadi, alimpokea kwa heshima kubwa. Aliongeza kwamba binti ni mtu wa kuaminika sana, na tangu mwezi uliopita anasimamia makarani wote.

Nyuma ya mlango wa kioo binti alikuwa amesimama na faili kifuani. Alikuwa ameshaona. Baba alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alimwona kama mtu wa kukutana naye njiani.

Neno moja tu lingetosha kumwangusha pale pale, na Klorini alilijua. Lilifika ulimini. Akauliza sponji la pampu wanaliosha kwa maji gani. Meneja hakujua, aliitwa mfagizi, naye akasema bombani, kwa sabuni kidogo. Klorini akavua saa, akakunja mikono ya shati la kikao, akaomba ndoo mbili na mpira. Alifanya kazi mpaka saa za kufunga ofisi. Binti hakutoka.

Jioni binti alimfuata baba yake nyumbani. Alisimama karibu na tangi lisilo na samaki, akaanza kwa kusema angemweleza, alikuwa anasubiri apone. Baadaye akasema nafasi ile isingerudi tena, na wengine walikuwa wanajipendekeza kwa mengi zaidi. Mwisho akasema, "Baba, ni samaki."

"Ungemchukua nikiwa macho, ningekasirika wiki," alisema Klorini. "Ningekusema kwa kila mtu, halafu ningenyamaza. Lakini ulikuja kunililia. Nilikubembeleza mimi, na tumbo langu limeshonwa."

Binti aliinamisha kichwa. Alisema machozi yale yalikuwa ya kweli, alilia kwa aibu. Baba alisema huenda. Akamfungulia mlango.

Wiki hiyo alimwandikia meneja barua fupi, yenye ukweli mtupu: hakumtoa samaki, aliambiwa amekufa, anaomba arudishiwe. Aliandika pia kwamba hana neno na kazi ya binti yake, hilo walimalize wenyewe. Jumamosi gari jeupe lilisimama mlangoni na pipa la plastiki lenye kifuniko, na meneja mwenyewe alikuja nalo, uso umemshuka. Binti hakufukuzwa. Alirudishwa kwenye meza yake ya zamani.

Jirani aligoma kula siku sita. Alilala ubavu, jicho moja juu, na safari hii hakuna aliyecheka. Siku ya saba alichukua mnyoo mmoja mkononi mwa Klorini, akautema, akauchukua tena. Vishimo vya kichwani vilianza kujifunga polepole, ingawa alama zilibaki.

Binti aliendelea kuja Jumapili. Alipika, wakala, wakazungumza juu ya bei za vitu na magoti yanayouma. Kumkosea adabu hakumkosea, wala baba hakumnyima kitu, isipokuwa alizoea sasa kuuliza mambo mara mbili, mwanzo na mwisho wa mazungumzo, aone kama jibu ni lile lile.

Jumapili moja alipiga simu kusema ana homa, hatafika. Klorini alimpa pole, akamwambia apumzike. Alipokata simu alikaa kidogo, kisha akavaa viatu. Alinunua machungwa njiani ili awe na kitu mkononi.

Alimkuta kweli mgonjwa, amejifunika blanketi kochini, midomo mikavu, dawa juu ya stuli. Alimgusa paji la uso. Lilikuwa la moto. Binti alitazama machungwa, akamtazama baba yake usoni.

"Umekuja kuhakikisha," alisema.

Klorini hakumdanganya. Alivuta kiti, akaketi karibu naye, akaanza kumenya chungwa la kwanza.